Kwa Nini Pikipiki Yako Niliibadilisha kwa Skuta

S.L.P. 61,
Gesima, Nyamira.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa wifi yangu Lavender,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Hujambo? Shemeji Chande naye, kile kikohozi kilimwachia? Na watoto? Kila redio ikitaja joto la Mtwara nawaonea huruma, halafu nakumbuka kwamba ninyi mnatuonea huruma sisi na masweta yetu.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba Bosire, kaka yako Geoffrey, bado anafundisha Lodwar na tunamwona likizo tu. Bosire yuko kidato cha tatu, na miguu yake inakua haraka kuliko tunavyoweza kumnunulia viatu. Mvua imekuja vizuri, majani chai yamechipuka hadi mikono inauma, na ndizi za shamba la chini zimezaa mpaka tumezitegemezea miti.

Nakuandikia kwa Kiswahili ili siku moja wanao Tumaini na Nyanchoka wasome wenyewe, maana Ekegusii chao ni cha kusalimia tu. Lakini wewe soma kwanza peke yako, halafu uamue kama utawapa.

Wifi, tangu ile simu ya mwezi uliopita sina raha. Uliniuliza pikipiki uliyomtumia baba yako iko wapi, nikasema nimeibadilisha kwa skuta, ukakata. Najua ni Drusilla, jirani yetu asiyechelewa na habari, aliyekuambia kwamba natembelea kiskuta cha kuringa mjini huku Mzee Ondieki akikaa nyumbani na kidonda chake. Sikukasirika. Ningekuwa mbali kama wewe ningefikiri hivyo hivyo. Nilijaribu kukupigia tena, lakini kila nikifikiria maneno ya kusema, nilikuwa naona haya. Kalamu haioni haya, ndiyo maana nimeishika.

Nianze na lile linalouma. Mwezi wa tatu Tata, babako, alikatwa kidole cha mwisho cha mguu wa kulia. Alitukataza, mimi na Geoffrey, tusikuambie. Leo namvunjia amri, kwa sababu wewe ni binti yake na kwa sababu kisa cha skuta hakieleweki bila kidole hicho. Kwa sasa yuko salama, kidonda kinafunga. Pumua kwanza, kisha uendelee kusoma.

Unakumbuka kidonda kilivyoanza. Boda boda alimbeba kutoka mkutano wa kanisa, na Tata akaegemeza mguu kwenye ekzosi njia yote bila kujua. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaua hisia za mguu ule. Alipofika nyumbani soksi ilikuwa imeshikana na ngozi, na yeye anauliza kwa nini tunamwangalia hivyo. Hapo ndipo uliposema hutaki kusikia tena babako amepanda boda boda, ukatuma pikipiki ili mtu wa nyumbani ndiye awe akimpeleka kliniki Keumbu, mara tatu kwa wiki, kusafishwa kidonda.

Mtu wa nyumbani ni mimi. Na niseme ukweli, nilifurahi kwa ajili yangu mwenyewe. Nilienda shule ya udereva nikakaa darasani na vijana wa rika la Bosire, nikapata leseni bila kumpa mtu chai. Nilivaa suruali ndani ya sketi, nikawapita Drusilla na wenzake barabarani bila kupunguza mwendo. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, na bado nilikuwa najiangalia kwenye saiti mira.

Siku ya kwanza ya kliniki niliitoa pikipiki uani, nikaiwasha, nikangoja. Tata akaja na kofia yake na bakora yake. Akaangalia kile kiti kirefu. Akaangalia mahali nilipokaa mimi na mahali ambapo angekaa yeye. Kisha akaangalia chini.

"Leo nasikia nafuu," akasema. "Tutaenda siku ingine."

Akarudi ndani. Nikabaki pale na injini inanguruma, na uso ukiniwaka kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

Watoto wako hawalijui hili, kwa hiyo waelezee. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuwekeana nafasi. Mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mikono wala hawakai kiti kimoja. Miaka kumi na tisa niko katika boma hili na sijawahi kumgusa Tata hata kidole. Chakula namwekea mezani natoka. Yeye naye hajawahi kuvuka mlango wa nyumba yangu. Akinihitaji husimama nje akakohoa. Sasa pikipiki, wifi, unaijua. Lazima utanue miguu, na wa nyuma lazima awe na wa mbele katikati ya magoti yake. Na ile barabara ya kuteremkia mtoni, wa nyuma humlalia wa mbele hata asipotaka. Wewe ulisahau kwa sababu ya kukaa mbali. Mimi sina cha kujitetea. Nilisahau kwa sababu ya raha ya kuendesha.

Hapo ndipo tulipokosea sote. Ningempigia Geoffrey siku hiyo hiyo tukatafuta njia nyingine, mambo yangeishia hapo. Lakini neno lenyewe ni zito kulitamka, basi kila mtu akanyamaza kwa adabu. Tata akaniambia amepata lifti ya mwalimu mmoja mwenye gari, atakuwa anampeleka kliniki. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu yule, nikaendelea kubebea majani chai kwenye pikipiki.

Hapakuwa na mwalimu. Babako alikuwa anatembea. Alikuwa akitoka kabla jua halijachomoza, anakata njia za ndani katikati ya michai ili asionwe, na mguu wenye kidonda ameufunga mfuko wa plastiki. Kwenda na kurudi. Hivyo alifanya karibu mwezi mzima, ili mimi nisiaibike na yeye asiaibike.

Nilijua kutoka kwa muuguzi wa pale kliniki, Jacinta. Alinipigia simu akaniuliza kwa nini bandeji ya mzee inafika kila mara imelowa umande na matope. Nilipofika kidole kilikuwa tayari cheusi. Wakampeleka hospitali mjini Kisii, wakakitoa. Tuliporudi kliniki Jacinta alitukalisha, akasema bila kuzungukazunguka, "Huyu mzee akitembea tena hivyo, ingine mtakata ni mguu yote." Sitaki kukuficha kwamba nililia kwenye korido mpaka watu wakadhani tumefiwa.

Ndipo nikaipeleka pikipiki yako kwa Shueib, yule anayeuza pikipiki mjini Kisii. Nilimweleza shida yangu kwa kuzunguka, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Hakuniacha nimalize. Watu wa kwao nao wana heshima zao kati ya mkwe na mkwe, akaelewa upesi kuliko wengi wetu. Akanionyesha skuta moja ya rangi ya maziwa. Hiyo huitanulii miguu, unaingia tu kama unayekaa kwenye kiti, sketi inashuka vizuri, magoti yako pamoja. Nikamwambia afunge sanduku katikati ya kiti, mimi nikae mbele ya sanduku na Tata nyuma yake. Tukabadilishana, nikarudi nayo Gesima nikiwa nimeshiba akili zangu.

Njiani pale stendi ya boda boda Keumbu walinicheka sana. Mmoja akapaza sauti, "Mama Bosire, hiyo ni pikipiki ama ni stuli ya jikoni?" Mwingine akaniambia mlima wa kwetu utaishinda, nitaisukuma na sketi yangu. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha Tata ule ukuta wangu wa sanduku.

Tata aliliangalia sanduku kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Sikumlazimisha. Lakini safari hii hakurudi ndani. Alizunguka skuta mara mbili, akainama na bakora yake akachungulia upande wa mguu.

"Gia yake iko wapi?"

Nikamwambia haina.

"Na breki?"

Nikamwonyesha. Zote mbili ziko mikononi kama za baiskeli. Miguu haina kazi yoyote, unaiweka tu pale chini kwenye sakafu yake kama mtu aliyekaa sebuleni.

Akasema "Ee," akaondoka.

Unajua babako alivyokuwa na baiskeli. Miaka yote aliyokuwa karani wa kituo cha majani chai aliendesha ile nyeusi mvua na jua. Pikipiki hakuweza kuifikiria, kwa sababu breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia, ule ule mbovu. Wiki iliyofuata nikitoka shambani nilimkuta amekaa juu ya skuta uani, imezimwa, anageuza usukani kushoto na kulia. Aliponiona alijifanya anapanguza vumbi.

Basi Lavender, aliyefundishwa ni yeye. Nilimpangia mwalimu yule yule aliyenifundisha, wakajifunza katika uwanja wa shule ya msingi kila Jumapili. Jacinta alitugombeza kwanza, kisha akampima, akampima tena, akatoa masharti yake: ale kabla ya kutoka, asiende mvua ikinyesha, na kila akifika sukari ipimwe kwanza. Leseni ameipata mwezi wa tano akiwa na miaka sitini na tisa. Picha yake kwenye leseni amekunja uso kama anayepeleka kesi mahakamani.

Sasa anajipeleka kliniki mwenyewe, mara tatu kwa wiki. Mguu uko mbele juu ya sakafu, mkavu, umefunikwa na ile ngao ya mbele, na ekzosi iko nyuma kabisa, mbali naye. Drusilla aliponiona na skuta mjini ilikuwa ni siku ya kuileta nyumbani kutoka kwa Shueib. Tangu Tata alipoijua, mimi nairingia kwa macho tu. Funguo analala nazo.

Nisiisifu kupita kiasi. Tairi zake ni ndogo, kila shimo unalihesabu kwa kiuno. Barabara yetu ikilowa inateleza kama sabuni, na kwa majani chai ya magunia matatu kupanda mlima, pikipiki ni pikipiki. Vijana wa stendi hawakukosea yote. Lakini hawajawahi kuona mzee akienda pahali pake bila kushikwa na mtu, bila kumshika mtu, na bila kuomba. Kwa hilo skuta imeishinda pikipiki, hata wakicheka.

Jacinta anasema kidonda kimebaki kama punje ya mahindi, na neno la kukata mguu halitaji tena. Nakuomba mambo mawili. Usinune juu ya pikipiki, uliitoa kwa moyo na imefika ulikotaka ifike, ila kwa njia ya kuzunguka. Na ukimpigia Tata, usitaje kidole. Muulize tu anaendeshaje. Atakuambia mengine mwenyewe siku akiwa tayari, na siku hiyo ushangae vizuri.

Kuna jambo la Jumatano iliyopita ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Geoffrey. Nilikuwa narudi kutoka kusaga mahindi, naupanda mlima wa kwetu na gunia la unga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, naangalia vidole vyangu tu. Nikasikia skuta nyuma yangu. Nilisogea kando mzee apite, kama inavyotakiwa. Akanipita, kisha akasimama hatua chache mbele. Hakugeuka. Aliweka mguu ule mgonjwa chini taratibu, akaangalia michai ya ng'ambo, akaonyesha kwa kidole ile sakafu katikati ya miguu yake.

"Weka hapa," akasema.

Nililishusha gunia, nikalisukuma pale mbele ya magoti yake bila kumgusa, nikarudi nyuma. Akaondoka polepole, skuta ikilia na mlima. Lavender, tangu niolewe sijawahi kuupanda mlima ule mikono mitupu. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilipofika, gunia lilikuwa limesimamishwa nje ya mlango wangu wa jikoni, hatua moja kutoka kizingiti, amelifunika na koti lake ili vumbi lisiingie. Yeye alikuwa nyumbani kwake, anasikiliza redio.

Bosire anakusalimu sana, Geoffrey pia, na Jacinta ambaye hamjuani anasema wewe ni binti wa mgonjwa wake mkaidi kuliko wote. Hata Drusilla anakusalimu. Nisalimie shemeji Chande, na Tumaini na Nyanchoka uwabusu kwa niaba ya babu yao.

Mungu awalinde huko mliko, awape afya na kazi yenye baraka, na awalete nyumbani wote mkiwa wazima.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Orpah Nyamusi.