Shingo ya Tembo wa Kisiwani

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Ni mimi Kiroboto wako, mzima kabisa, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linaniringia kila nikipanda ngazi. Na wewe je? Presha imeshuka, au bado unaficha chumvi kwenye mfuko wa aproni ukidhani mkweo mtarajiwa hakuoni? Mwanao hajambo? Bati la jikoni limezibwa, au bado mnatega ndoo? Nisalimie wote hapo, hata yule jirani mwenye mdomo.

Ujumbe wako niliupata. Ulikuwa mfupi kama amri ya jeshi: mwanao anaoa mwezi ujao, chumba changu anakihitaji, je, ninarudi au sirudi, niseme. Nilitaka kukupigia simu, nikaahirisha. Sisi tukipigiana tunajua wenyewe, wewe unalia, mimi nalia, salio linakwisha na hakuna aliyesema kitu. Kwa hiyo nimekaa mezani nakuandikia, na chai imeshapoa. Nivumilie, sitakwenda moja kwa moja, unanijua.

Nianze na kazi. Mwaka mzima huu pale makumbusho tumekuwa tukiandaa ukumbi mpya, habari za nchi kavu ambayo zamani za kale iliunganisha mabara mawili. Na mimi, fundi wa mifupa, ndiye niliyepewa wanyama. Profesa wetu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alitukalisha chini, mimi na fundi wa kuchomelea vyuma, akatueleza mambo yalivyokuwa. Alisema zama hizo maji mengi ya dunia yaligeuka barafu, bahari ikapungua, na pale ambapo leo zinapita meli palikuwa na uwanda wa majani, mpana kiasi kwamba anayeutembea hawezi kujua yuko darajani. Wanyama walivuka huku wakila majani tu, wengine wakienda, wengine wakija, kizazi baada ya kizazi. Farasi, kwa mfano, kwao ni bara la upande mmoja. Baadhi yao wakavuka wakaingia upande wa pili, na waliobaki kwao wakaisha wote. Hawa tunaowaona leo ni uzao wa waliohama. Walikuja kurudi kwao maelfu ya miaka baadaye, tena wakirudishwa na watu, kwa meli. Fundi akauliza kama waliwakuta ndugu zao. Profesa akasema ndugu wa wapi, walifika kama wageni tu. Fundi alicheka. Mimi sikucheka, nilikumbuka msiba wa mama.

Sijawahi kukuambia hili. Nilipokuja kumzika mama ulinitolea kikombe cha kabatini, kile cha maua. Kila nikiinuka kuosha vyombo unaniketisha, eti nimechoka na safari. Watoto wa binamu zetu wakawa wananichungulia mlangoni na kukimbia. Nikakaa kwenye kochi muda wote ule kama mkaguzi wa shule, mikono mapajani. Najua ulikuwa unaniheshimu. Lakini iliniuma, Dada, iliniuma sana, na niliporudi huku nikajiambia kwamba pale si kwetu tena, ni kwako. Ndiyo maana kila ukiniuliza narudi lini nasingizia kazi.

Basi, kazi yenyewe ilikuwa tembo. Si hawa tunaowajua. Wale wa kale walikuwa na manyoya marefu ya kuning'inia, na walikula majani kwenye uwanda ule ule. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi, uwanda ukazama kidogo kidogo, vilima vikabaki kuwa visiwa, na tembo waliokuwa vilimani wakabaki humo. Wenzao wa bara waliisha, hawa wakaendelea peke yao kwa maelfu ya miaka. Niliuliza kwa nini hawakuondoka mapema, wana macho, si walikuwa wanaona maji yanakuja? Profesa akanijibu kwamba hapakuwa na siku ambayo tembo yeyote angeweza kusema leo njia inafungwa. Bahari ilipanda taratibu mno, tembo akizaliwa na akifa ufuko ni karibu ule ule. Jibu hilo lilinikaa rohoni wiki nzima, nikawa naunguza hata mayai.

Kilichowamaliza wale wa kisiwa tulichokuwa tunakionyesha ukumbini ni kiu. Bahari iliwazunguka pande zote, lakini kiziwa chao cha maji ya kunywa kilikuwa kinakauka. Wakajazana hapo wote, wakakanyaga majani ya ukingoni mpaka yakaisha, udongo ukaporomokea ndani, maji yakawa matope. Profesa alitueleza hayo kama mtu anayesimulia habari za majirani zake.

Nikaanza kumsimamisha mmoja, yule wa mwisho. Mifupa tunaipanga juu ya vyuma vilivyopindwa na fundi, pingili moja baada ya nyingine, na mnyama shingo ndiyo inayomsemea. Ukiiinamisha anakula, ukiiinua ameshtuka. Mimi nikaigeuza. Nikamfanya atazame nyuma, ng'ambo ya maji, upande ambao bara lilikuwa. Wallahi alikuwa mzuri! Kila aliyepita karakana alisimama. Mlinzi wa mlangoni aliguna, akasema masikini, mama wa watu. Nikavimba kichwa, nikawa natembea pale kama nimemzaa mimi.

Profesa akaja. Akamzunguka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema kwa upole kwamba shingo hiyo ibadilishwe. Nikabisha, na unajua nikianza kubisha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema tembo huyu hakuwa na hamu ya kwenda popote. Kisiwani alizaliwa yeye, na mama yake, na bibi wa bibi yake. Hakujua kama kuna bara, wala hakuwa na wa kumhadithia. Alichokuwa nacho ni kiu, kwa hiyo atazame ziwa. Akaniuliza, si kwa ubaya, huyu anayetazama nyuma nimemtoa wapi.

Nilikwenda chooni nikafungulia bomba ili wasinisikie. Niliporudi fundi alinishikia kichwa cha tembo nikalegeza nati za kila pingili, tukamwinamisha kwenye matope yake. Ukumbi umeshafunguliwa sasa. Watoto wa shule wanaokuja kumwona wanauliza kama atapata maji, na mwalimu wao anawaharakisha waende kwa farasi.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Mwaka huu nastaafu, lakini mkuu wa makumbusho aliniita akaniambia nikipenda wataniongezea miaka miwili. Karakana nzima ikanipongeza, nikasema nitafikiri.

Kabla sijakuambia nilichofikiri, nataka ujue ninavyoishi, maana nimekudanganya. Ukinipigia ukasikia watu wanaongea nyuma yangu, ukauliza una wageni gani leo, nikakujibu marafiki wamekuja, ile ni redio. Naifungua kwanza ndipo napokea simu yako. Jumapili si zamu yangu, lakini nakwenda makumbusho, nakaa kwenye benchi mbele ya tembo na mkate wangu, kwa sababu pale watu wanapita, na wengine huniuliza choo kiko wapi. Nafurahi wakiniuliza. Nawaelekeza kwa kirefu mpaka wanachoka. Juzi juzi niliugua homa mpaka nikashindwa kutoka kitandani, na mtu pekee aliyegonga mlango ni msoma mita wa umeme. Nina upweke, Dada. Nimeupa majina yote mengine, uchovu, baridi, uzee, lakini ni upweke, na siwezi kuuongezea miaka miwili.

Yule tembo hakujua kama kuna bara. Mimi ninajua, najua mpaka mlango wa jikoni unavyokwama na pa kuupiga bega. Kwa hiyo nilirudi kwa mkuu nikamwambia ahsante, hapana. Tiketi nimekata, nafika kabla ya harusi. Sikukuuliza kwanza kwa sababu niliogopa kwamba utafikiri kidogo kabla ya kunijibu, na mimi nisingeweza kuvumilia huko kufikiri kwako.

Chumba mpe mwanao. Wala usinitafutie kingine, wala usimhamishe mtu kwa ajili yangu. Chumba cha peke yangu nimekuwa nacho miaka yote hii, nimeshiba. Nitalala kwako, kwenye kitanda kipana cha mama, wewe upande wa ukutani na mimi upande wa mlango, na ukikoroma nitakupiga kiwiko. Usiku ukitaka maji mimi ndiye nitakayeamka, goti au si goti.

Nifikishie salamu zangu kwa wote wa nyumbani, bwana harusi na bibi harusi, na binamu na watoto wao ambao safari hii watanizoea wakitaka wasitake. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na akupunguzie hamu ya chumvi.

Kama hutaki nilale kwako, tafadhali usiniandikie. Niambie nikishafika, nikiwa nimeshatua mzigo.

Ni mimi mdogo wako,
nisiye na mwingine