Neno Nililoandika Kwenye Kadi Yako

Dada Zeinabu,

Arubaini yako tumeisoma Jumamosi. Watu walijaa uani mpaka wengine wakasimama njiani. Mwanao Halima alipika na wenzake, mimi nikapitisha kahawa, na karibu kila aliyenishika mkono aliniambia jambo lile lile: kwamba nilikuokoa. Kwamba kama hungekuwa na mdogo wako wa kufanya kazi hospitali, kifua kingekumaliza zamani, kama kilivyommaliza mama. Niliwaitikia tu. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa hukujua kusoma, na ni mimi niliyekuwa nikikusomea barua za shemeji kutoka vitani Burma.

Watu wa hapa Kibra wanajua nusu ya habari. Mimi nakumbuka yote. Nakumbuka asubuhi ile umekaa mlangoni ukisuka ukindu, ukakohoa, ukatema damu, kisha ukaifukia kwa mguu ili Halima asiione. Mimi niliiona. Kesho yake nikakupeleka wodini kwetu.

Daktari wetu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujaribu zile dawa mpya za kifua kikuu. Wagonjwa waligawanywa: hawa sindano, wale vidonge, wengine vyote viwili, ili ijulikane ipi inaponya zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria wagonjwa na kujaza kadi. Uzito, homa, makohozi, picha ya kifua. Na chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa kuuliza mgonjwa mwenyewe anaionaje hali yake. Pale nafasi ilitosha neno moja tu: nzuri, wastani, au mbaya.

Wewe ukaangukia kwenye sindano. Mwezi wa kwanza ulinenepa. Nilipokupima ulicheka, ukasema mizani imeanza kukuogopa. Mwezi wa pili, nilipofika kwenye ule mstari wa mwisho, uliniambia, "Ramadhani, masikio yanavuma kama mtu anachemsha maji ndani. Na nikiinuka, ukuta unanikimbia."

Daktari alikuwa ametuonya mapema kwamba sindano ile huweza kuua masikio. Mgonjwa yeyote akilalamika masikio au kizunguzungu, yeye aambiwe siku hiyo hiyo. Nilijua vizuri sana. Lakini wiki mbili kabla, fundi mmoja wa reli alikuwa amelalamika vivyo hivyo, akasimamishiwa sindano, na kesho yake nikakuta kitanda chake kitupu kimetandikwa upya. Katika wodi ile kitanda kitupu kilikuwa na maana moja. Sikumuuliza mtu. Nilikuangalia, mashavu yamerudi, nikamkumbuka mama alivyokuwa siku zake za mwisho, mwepesi hata mtoto angeweza kumbeba. Nikaandika: nzuri.

Mwezi uliofuata ulisema tena. Nikaandika nzuri. Ukaniuliza, "Umemwambia daktari?" Nikakujibu nimemwambia, amesema yatapita. Uliniamini, dada. Ulikaza gurbaba yako kiunoni ukarudi kitandani ukishika ukuta.

Ulitoka hospitali mapafu safi na masikio yamekufa.

Wewe ndiye uliyekuwa unaitwa kila harusi hapa Kibra, kutoka Makina mpaka Lindi. Wanawake walikuwa hawaanzi ngoma yetu ya doluka mpaka uingie, wewe unatoa wimbo, wao wanapokea. Kwenye harusi ya Halima ulikaa karibu na ngoma, ukaweka kiganja ubavuni mwake ili uifuate kwa mkono. Ukaimba. Sauti yako ilikwenda njia yake na ngoma njia yake. Wasichana wawili wakaangaliana, mmoja akaficha mdomo kwa kanga. Hukuwasikia, ila uliwaona. Ulimaliza ule ubeti, ukanyamaza, na tangu siku ile sikukusikia ukiimba tena, hata ukiwa jikoni peke yako.

Halafu yule fundi wa reli. Ulikutana naye Laini Saba, mzima, amebeba gunia la mkaa begani. Alikuelezea polepole ukimtazama midomo: walimhamishia wodi nyingine tu, wakampa vidonge, akapona, na masikio yake hayana neno. Ulikuja nyumbani kwangu moja kwa moja. Hukuketi. Ulisema, "Daktari hukumwambia."

Nikaanza kujieleza. Nilisema mengi, nikisahau kwamba husikii. Ulinitazama mdomo kwa muda, kisha ukainua mkono ninyamaze.

"Uliniuliza mimi? Uliniuliza kama nataka kuishi hivi?"

Hukungoja jibu, ukatoka. Ulikuja Idi, ukala kwangu, ukawabariki wanangu. Halima hukumwambia. Lakini hukuniambia tena neno lolote kuhusu mwili wako, hata homa hii ya mwisho ilipokushika. Siku nne tu, na mimi nilijua siku ya tatu, kwa mdomo wa jirani.

Sasa nikupe habari za huku. Wiki moja baada ya mazishi nilimwendea daktari, nikamwambia kila kitu. Nilifikiri atanifukuza. Alitoa kadi yako kabatini akaiweka mezani. Uzito umepanda. Makohozi safi. Hali: nzuri, nzuri, nzuri, kwa mwandiko wangu mzuri niliousomea. Akasema matokeo ya majaribio yalishapelekwa zamani, na wewe umehesabiwa pamoja na wale ambao dawa iliwafaa. Kisha akasema, "Kidonge nilikuwa nacho, Ramadhani. Kilikuwa mle kabatini." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Akanipa karatasi tupu, akaniambia niandike yale ambayo ungesema, iambatanishwe na kadi. Nilikaa nayo mchana kutwa. Niliandika masikio, kizunguzungu, ukuta. Baada ya hapo nikakwama. Ulikuwa unaamkaje asubuhi katika kimya kile? Uliogopa nini ukivuka reli? Wanangu walipokuja kukuita kwa nyuma na hukugeuka, ulijisikiaje baadaye? Miaka mitatu tumekaa nyumba mbili zinazotazamana na sijui.

Daktari ameniachia kazi ya kadi, kwa sharti kwamba kila lalamiko nimpelekee kwa mdomo wangu mwenyewe. Juzi kulikuwa na mzee wa Kawangware, mwenye shamba lake huko. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho nilimuuliza ni kitu gani alikuwa akifanya nyumbani ambacho sasa hawezi. Alifikiri sana. Akasema vidole vimekufa ganzi, hawezi tena kukamua ng'ombe, na ng'ombe yule hakubali mkono wa mtu mwingine. Mstari haukutosha. Niligeuza kadi nikaandika nyuma yake, kisha nikaenda kwa daktari kabla wino haujakauka.

Kwako nimechelewa. Najua.

Limebaki jambo moja. Halima anaamini mjomba wake alimwokoa mama yake, na Jumamosi ile alinishukuru mbele za watu. Ijumaa, tukitoka makaburini, nitamketisha nimwambie. Nakuahidi sitaanza kwa kumwambia nilifanya kwa mapenzi, maana hilo ndilo litakalomfunga mdomo. Nitamwambia nilichoandika na nilichokuficha. Kisha nitamuuliza anaonaje, na nitakaa kimya mpaka amalize, hata akisema maneno ambayo wewe ulinihurumia usiyaseme.

Mungu akulaze pema, dada yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Ramadhani