Mtu Aliyekushusha kutoka Hemkund

Jagraon, Punjab
14 Septemba 2009

Mpendwa Shangazi Baljot,

Sat Sri Akal kutoka kwetu sote. Hujambo huko Italia? Mgongo wa Mjomba Resham umepata nafuu, au bado anakamua ng'ombe akiwa amejikunja? Sisi ni wazima. Mpunga umeanza kutoa masuke, na Baba anakohoa kidogo tu.

Ningeweza kupiga simu, lakini jambo hili nimeona niliweke kwenye karatasi.

Wiki iliyopita nilimpeleka Bibi kuhiji Hemkund, kwenye lile hekalu letu kando ya ziwa huko milimani. Tangu Babu atutoke alikuwa anataka kwenda, na kila nikimuuliza sababu ananiambia, "Twende, utaiona hukohuko." Unajua nisivyoweza kuvumilia fumbo. Nilimdodosa ndani ya basi, nikamdodosa Govindghat, magari yanakoishia, nikamdodosa hata akiwa amelala.

Tulipoanza kupanda alikataa kupanda nyumbu. Kwenye kila kibanda cha chai akawa anasimama na kuulizia mpagazi mmoja, Kundan Panwar. Wachunga nyumbu wakaanza kumtania.

"Bibi, unatafuta mchumba?"

"Ningekuwa natafuta mchumba ningemtafuta kwenye tambarare," akawajibu, huku anahema. "Huku mtu ataolewa saa ngapi, na pumzi hana?"

Ngazi za mwisho zilimtesa. Alihesabu kumi, akapumzika, akahesabu kumi tena. Kule juu theluji ilikuwa bado imeganda ng'ambo ya ziwa. Akaingia majini hadi magotini, mimi nimemshika mkono, meno yananigongana. Hekaluni aliinamisha kichwa mpaka nikadhani amelala. Tukala wali wa dengu wa moto, tukaketi ukutani, na hapo ndipo akaniambia.

Shangazi, mwaka ule ulipougua kule juu, ukiwa na miaka sita, hukushushwa na Babu. Babu mwenyewe alikuwa anatapika, hawezi hata kusimama. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga, midomo yako imekuwa ya bluu. Mpagazi asiyetujua alikufunga mgongoni kwa shali ya Bibi akashuka nawe hadi Govindghat, akakupakia kwenye gari la jeshi lililokuwa linaondoka, kisha akageuka kurudi kuwachukua wengine. Bibi alifika chini baadaye, hakupata hata kumshukuru; jina lake alitajiwa na wapagazi wenzake. Nyumbani watu walimsifu Babu, naye akanyamaza. "Aibu ilimshika," Bibi alisema. "Na mimi nikamstahi mpaka mwisho wake."

 Walinzi wakaanza kutuhimiza tushuke kabla ya saa nane.

Chini ya ngazi, kwenye kibanda ambacho asubuhi kilikuwa kimefungwa, mwanamke mmoja alimsikia Bibi akiulizia. "Kundan ni baba yangu," akasema. "Yuko huku nyuma, anamenya viazi."

Ni mzee mfupi, goti moja halikunjiki. Bibi alimsalimia, akamwambia mwaka na habari ya mvua. Mzee akamtazama sana, kisha akatikisa kichwa. "Nisamehe, Mama. Nimebeba watu wengi. Sura yako siikumbuki."

Niliona Bibi akinywea. Kisha mzee akauliza polepole, "Mtoto wa shali ya kijani?"

"Ndiyo huyo," Bibi akasema.

"Alifika?"

Machozi yalimzidi Bibi. Nikajibu mimi: kwamba uko hai, una watoto, Kirat na Anmol, unaendesha basi la shule. Mzee aliweka kisu chini. Alisema yeye hushuka na watu, na gari likiondoka habari yao imekwisha. Hakuna aliyewahi kurudi kumweleza.

"Aliniuma hapa begani," akaniambia, akijishika. "Aliniuma tangu kule juu. Nilimwacha aume, nijue yuko hai. Alipoacha, ndipo nilipoanza kukimbia."

Walikaa pale wawili, Bibi akimenya viazi pamoja naye, mpaka nikalazimika kumvuta.

Bibi anataka kujua kama umemkasirikia Babu. Tafadhali mjibu yeye mwenyewe, si kupitia kwangu. Na mimi nina swali langu: kuna chochote unachokumbuka?

Baba na Mama wanakusalimu, na Kaka Dilawar pia. Wabusu Kirat na Anmol kwa ajili yangu. Waheguru awafunike nyote kwa heri yake.

Mpwa wako anayekupenda na kukukumbuka,
Navreet