Mstari Mmoja wa Mahindi

Kaka Owino mpendwa,

Nakusihi, barua hii usimsomee mtu ila mkeo, shemeji Atieno. Hata Mama asisikie neno mpaka nije mwenyewe.

Hamjambo hapo Kisegi? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima huku Isebania. Kazi ya ukarani naipenda, chumba changu hakivuji, na karani mkuu ameanza kuniachia taipu.

Walimu wa hapa walituchezesha mchezo wa zamani katika ukumbi wa kanisa. Nilikuwa mfalme aliyemuua ndugu yake, lawama akamwachia mtumishi. Mwishoni mfalme anapiga magoti atubu, lakini maneno hayamtoki. Kila siku ya mazoezi nilikwama hapo kwelikweli. Mwalimu akanitania, "Bwana karani, unaomba Mungu au unaomba likizo?"

Jumamosi tukacheza mbele ya watu. Nikapiga magoti, nikanyamaza. Mama mmoja muuza ndizi akasimama akapaza sauti: "Wewe! Mungu anajua tayari! Kamwambie mtumishi wako!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikalia, wakanipigia makofi wakidhani naigiza.

Kaka, ni mimi niliyepanda kabla ya Mama. Nilikuwa naondoka kuja kazini, nikaogopa mvua itanipita, nikatia mstari mmoja wa mahindi nyuma ya nyumba yenu. Yalipoota kabla ya mbegu za Mama, shemeji ndiye aliyelaumiwa kwamba amevunja mwiko wa kumtangulia Mama kupanda na kutuletea laana ya chira nyumbani. Uliniandikia kuwa tangu hapo Mama haonji chakula chake. Nilisoma, nikanyamaza, na Jumapili nikashiriki meza ya Bwana.

Tangu niamue kusema, hata ugali wa hapa una ladha. Nitaomba ruhusa kazini, nimwambie Mama mbele ya shemeji. Naogopa, sikufichi, lakini moyo umetulia.

Nisalimie Mama bila kumwambia lolote, shangazi yetu wa Mbita, na mwanao, wajina wangu.

Jibu usilitume ofisini, huko barua hupita mikono mingi. Mpe yule dada muuza omena anayekuja soko la huku. Aulizie nyumba ya mwalimu wa kwaya, ndiko nilikopanga chumba. Shemeji akinisamehe, anifungie konzi moja ya mbegu za mahindi kwa mkono wake. Zikinifikia, nitajua naweza kuja.

Mdogo wako,
Ouma