Kishikwambi Kimoja, Vichwa Vitatu

Kaka yangu mpendwa Otmar,

Anwani yako siijui, na namba ya mwisho uliyonipa ukiwa Tunduru ilishakufa zamani. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka. Huenda miongoni mwa wasomaji yuko anayekufahamu, akakwambia: mdogo wako Eusebia wa Maposeni anakutafuta, na anaogopa.

Naogopa kweli, Kaka. Ni Jumapili alasiri, nimekaa peke yangu darasani katika shule ya msingi ninayofundisha hapa Songea mjini. Baridi ya Julai unaijua. Kesho asubuhi mwanafunzi wangu wa darasa la saba, Zaituni, anatarajiwa kukaa mbele ya skrini afanye mtihani wa hisabati wa mtandaoni. Atakayefaulu atasomeshwa bweni bure mpaka amalize kidato cha nne. Zaituni hawezi kuufaulu mtihani ule. Anaonekana anaweza, na aliyemfanya aonekane hivyo ni mimi.

Wewe mchezo huu unaujua kuliko mtu yeyote, kwa hiyo sina haja ya kukueleza sana. Nitakueleza hata hivyo, maana nikinyamaza tena nitapasuka.

Unakumbuka darasa la tano? Wewe ulikuwa unarudia, mimi ndiyo kwanza napanda, tukakutana dawati moja. Watatu kwenye dawati: wewe, mimi, na yule mtoto wa jirani ambaye kazi yake ilikuwa kulala. Msimu kama huu mafuta ya kupaka hayakuwepo nyumbani, miguu ilipauka mpaka tukafanana na watu waliotoka mashineni kusaga. Nilikuwa navuta sketi kidogo juu ya goti, nachukua kijiti, naandika jibu mguuni. Ngozi ile kavu ilishika tarakimu nyeupe vizuri kuliko ubao wa mwalimu. Ukishasoma, nalamba kidole, nafuta. Siku moja ukaninong'oneza, "Hii ni saba au moja?" Nikakufinya, ukaandika moja, ukala fimbo, na njia nzima ya kurudi nyumbani ulinitania kwamba mguu wangu hauna mwandiko mzuri.

Sikukufanyia vile kwa ubaya. Mwalimu wetu alikuwa na hesabu yake: kosa moja, fimbo moja. Nilichoka kukuona unakula umesimama kwa sababu kukaa huwezi. Nilidhani nakuokoa.

Kisha mwalimu akaanza kukusifu. "Kijana amefunguka huyu," alimwambia Baba nje ya kanisa, na Baba akarudi nyumbani kifua mbele, akapita kila mlango kusalimia hata wale aliokuwa amenuniana nao. Ulipochaguliwa kwenda kushindana na shule nyingine za kata, alikushonea kaptura mpya. Mimi nilikwenda kama mtazamaji, nikakaa nyuma kabisa na akina mama. Ukaitwa ubaoni peke yako. Lilikuwa swali la kugawanya, la kawaida tu, ningelijibu nimefumba macho. Ukashika chaki. Halafu ukaangalia chini, upande wa kushoto, pale ambapo siku zote mguu wangu ulikuwepo.

Watu walicheka, Kaka. Nadhani na mimi nilicheka kidogo, kwa hofu.

Baba alitembea mbele yetu mpaka nyumbani bila kugeuka. Tulipofika alikwambia maneno mawili tu: "Umenivua nguo." Mimi nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo. Ulinitazama mara moja, na mimi nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: majibu yalikuwa yangu. Nikaendelea kuchambua maharage. Mwaka uliofuata ukaacha shule, baadaye ukaenda Tunduru kuchimba mawe ya thamani, simu zako zikawa fupi, kisha zikaisha.

Sasa sikiliza na haya ya leo.

Mwaka huu shule yetu ililetewa vishikwambi ishirini na watu wa mradi mmoja. Kijana aliyekuja kutufundisha kuvitumia alinikera siku ya kwanza. "Mwalimu," aliniambia, "hiki kitamjua kila mtoto kuliko unavyomjua wewe." Nikataka kumwuliza kama kinajua pia nani hakula asubuhi. Lakini alipoanza kunionyesha, nililegea. Kila mtoto ana jina lake na neno lake la siri. Akipata swali, kinampa gumu zaidi. Akikosa, kinamrudisha nyuma polepole, kinamwonyesha kwa picha, kinamwuliza tena. Kila mtoto kwa mwendo wake, na fimbo hakuna. Fimbo hakuna, Otmar! Niliingia stoo nikajifanya natafuta chaki, nikakulilia humo.

Tatizo ni kwamba darasa langu lina watoto sitini. Nikawapanga watatu watatu kwa kishikwambi kimoja, kama wanavyokaa kwenye madawati. Utaratibu ulikuwa mmoja afanye dakika kumi, atoke kwenye jina lake, mwenzake aingie kwa lake. Lakini mtandao wa pale shuleni kwetu kutoka ni rahisi, kuingia ni novena, sala ya siku tisa. Nusu ya kipindi iliisha watoto wanatazama kiduara kinazunguka. Wiki ya tatu nikakata shauri. "Msitoke," niliwaambia. "Fanyeni wote kwa jina lililokwisha kufunguka."

Na mimi sikuona kosa, wala mwalimu mwenzangu yeyote hakuliona. Kuona watoto watatu kwenye kitu kimoja tumezoea: dawati, kitabu, bakuli la uji. Darasa likachangamka ajabu. Wanabishana, wanapigiana kura, wakipata wanapiga makofi. Kwenye dawati la mbele kishikwambi alikishika Zaituni, mtoto wa Tunduru anayeishi na mama yake mdogo pale mtaani Lizaboni. Alikishika kwa sababu ni msafi na hagombani na mtu. Kulia kwake na kushoto kwake walikaa watoto wawili wepesi, wanamnong'oneza, yeye anabonyeza. Kishikwambi hakikuwaona wale wawili. Kilimwona Zaituni tu, kikampandisha, kikampandisha tena, mpaka juu kabisa.

Watu wa mradi walipotoa majina ya watakaofanya mtihani, kwa kufuata alama za vishikwambi, Zaituni alikuwa wa kwanza kwa shule yetu. Mwalimu Mkuu alitangaza kwenye kikao cha wazazi na mama yake mdogo akapiga vigelegele. Nikapiga makofi na mimi. Moyoni kulikuwa na kitu kinanichoma, nikakifunika. Nilimwambia mwenzangu, "Mtoto amefunguka," na sikusikia nilichosema.

Jumatano Zaituni alinifuata ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Zaituni."

"Mwalimu, Jumatatu tutakaa watatu?"

Nikamwambia atakaa peke yake, na pembeni ya skrini kutakuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma.

"Na wao watakaa wapi?"

"Hawatakuwepo."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtoto aliyeambiwa kuna msiba wa mtu asiyemjua.

Alhamisi nikamfungulia jina jipya kabisa, nikamweka stoo peke yake na kishikwambi, mimi nikasimama mlangoni. Kikampa swali la darasa la saba, akakosa. Kikamshusha la sita, akakosa. La tano, la nne. Kilikwenda kutua kwenye kugawanya kwa darasa la tatu, na hapo akaanza kupata moja moja. Kila swali lilipotokea aliangalia kulia, kisha kushoto. Kaka, nilikuona wewe pale, na kaptura yako mpya.

Nataka nikiri jambo hili vizuri, maana watu watakimbilia kulaumu mashine. Kishikwambi hakikusema uongo. Kilipobaki na mtoto mmoja kilimfahamu kwa nusu saa, mimi miezi yote ile nisimfahamu. Mimi ndiye niliyekidanganya.

Ijumaa nikaenda kwa Mwalimu Mkuu. Si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Majina yameshakwenda, mwalimu. Ukisema sasa, watu wa mradi wataona shule nzima ni ya uongo. Vishikwambi wavichukue, na wewe uandikiwe barua ya kujieleza. Unataka hayo?"

"Hapana, Mkuu."

"Basi mwache akajaribu. Mtoto hapotezi kitu."

Nikasema, "Ndiyo, Mkuu," nikatoka. Ndiyo, Mkuu! Mwanamke mzima, na bado nachambua maharage.

Usiku ule sikupata usingizi, na jana asubuhi nilipiga hodi Lizaboni kabla akili haijabadilika. Mama yake mdogo Zaituni alikuwa anakaanga mihogo uani. Alinikaribisha kwa furaha, akaniambia wameshamshonea mtoto sare ya bweni, na kwamba dada yake, mama mzazi wa Zaituni, yuko njiani anakuja kutoka Tunduru. Nikamweleza nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitaweza. Aliipua karai motoni.

"Subhanallah, mwalimu."

Akamwita Zaituni, akataka nirudie maneno yote mbele yake. Nikarudia. Mtoto alisikiliza, halafu akauliza, "Kwa hiyo mimi sina akili?"

"Una akili, Zaituni. Ulipotea kwenye kugawanya tangu darasa la tatu, na sisi walimu wako tukapita bila kugeuka. Mimi nimepita nikiwa nimekubeba kichwani, ndiyo mbaya zaidi. Ukikubali, tutarudi mimi na wewe mpaka pale ulipopotea."

Alilia bila sauti akiwa ameshika nguzo ya jiko. Mama yake mdogo alinisindikiza mpaka njiani, na mihogo hakunipa. "Kesho kutwa mtoto haendi popote," alisema. "Lakini ungesema mapema, mwalimu. Tumeshawaambia watu." Afadhali angenitukana.

Leo baada ya misa ya kwanza nimeandika barua yangu ya kujieleza kabla ya kuombwa. Kurasa mbili, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Nilimpelekea Mwalimu Mkuu nyumbani kwake. Aliisoma amesimama mlangoni.

"Unajua unachokifanya?"

"Najua. Na naogopa."

Akaikunja, akaitia mfukoni. "Kesho saa mbili uwe ofisini. Afisa nitamwita mwenyewe." Mlango ukafungwa.

Sasa niko hapa darasani nikiwa na woga wa kila aina. Naogopa kuhamishwa. Naogopa zaidi vile vishikwambi ishirini, kwamba vitapakiwa kwenye gari na watoto sitini watarudi kwenye ubao na mimi, kwa sababu yangu. Hata wale wawili waliokuwa wananong'ona, ambao labda mmoja wao angestahili ile nafasi, sijui kama kuna atakayewasikiliza. Nimeomba kwenye barua wapewe nafasi ya kupimwa, kila mmoja peke yake, na Zaituni arudishiwe jina lake likiwa tupu aanze mwanzo. Huenda nikasomewa hayo maombi kesho kama kichekesho. Sikujua kama kusema kweli kungekuwa na gharama hivi. Ninachojua ni kwamba saa ile ya skrini itakapoanza kuhesabu kurudi nyuma, Zaituni hatakuwa mbele yake.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilipotoka kwa Mwalimu Mkuu nilimpigia Baba. Amezeeka, siku hizi simu anashikiwa na jirani. Nilimwambia: "Baba, yale majibu ya Otmar yalikuwa yangu. Nilikuwa namwandikia. Siku ile alisimama pale peke yake kwa sababu yangu, na nikanyamaza."

Nilikuwa nangoja anitukane, anilaani, aseme nami nimemvua nguo.

Akauliza, "Otmar anakula kwa nani huko aliko?"

Maisha yetu yote mimi ndiye niliyekuwa na majibu, na hili moja sina. Unalo wewe. Mpelekee mwenyewe, Baba anangoja.

Mdogo wako,
Eusebia