Simu Yake Iko Mfukoni Mwangu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wote mlio chini ya paa lenu. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba umeacha kupanda zile ngazi kwenda kupiga soga kwa jirani kama ulivyokatazwa, ingawa nakujua. Sisi huku miili ni mizima. Uchovu tu ndio umetukalia na hauonyeshi dalili za kuaga.

Utashangaa kwa nini naandika wakati asubuhi hii hii tumeongea. Kwenye simu, dada, hunipi nafasi. Nikivuta pumzi wewe umeshajibu. Hili nataka nilimalize bila kukatwa kauli. Nimekaa kwenye kona ya meza ya kupigia pasi, wateja wamepungua, na mwanangu, binti yako, yuko upande wa pili ananyoosha sare za walinzi wa benki.

Wifi yako anakusalimu. Bado yuko kwenye usafi wa hospitali. Anaondoka hatujaamka, na akirudi anavua viatu mlangoni na kukaa hapo hapo kizingitini kwa muda kabla ya kuingia ndani. Siku hizi hatuongei sana. Si kwa ugomvi, ni kwamba kila mmoja anaona mwenzake amechoka, basi anamwachia apumzike.

Habari kubwa ya nyumba hii unaijua, ni hiyo ya kusubiri chuo. Walisema majibu yatatoka mwisho wa mwezi, wakasogeza, wakasogeza tena, wakaomba radhi, wakasogeza. Binti yako akawa hali vizuri, halali vizuri, anafungua simu kati ya shati na shati. Ukurasa wenyewe unazunguka tu. Na mtaa mzima unasubiri pamoja naye. Mteja akiingia, kabla hajauliza suruali yake iko wapi, anauliza kama majibu yametoka. Tangu wajue kwamba ameomba udaktari wa mifugo wanamwita Daktari, na juzi mama mmoja alileta mapazia ya kufua akiwa na paka kwapani, eti atazamwe sikio. Daktari wetu akamtazama paka, akamwambia mama ukweli kwamba hajui, lakini uchafu ule usafishwe kwa maji ya uvuguvugu. Mimi ninajiuliza mpaka leo mapenzi haya ya wanyama kayatoa wapi, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufuga hata kuku.

Alipochoka na maswali akachukua kipande cha boksi, akaandika BADO kwa herufi kubwa, akakibandika mlangoni. Tukapata utulivu wa siku moja. Kumbe mlinzi wa benki alikiona akiwa ng'ambo ya barabara, akadhani nguo zake ndizo bado, akageuza. Akaingia zamu na sare ya jana, akafokewa, akaja kutufokea na sisi. Tulikibandua.

Ndipo siku moja akanikabidhi simu yake. Alisema hawezi tena, kila akiifungua moyo unamwenda mbio, na wakati huo pasi iko mkononi, atakuja kuunguza nguo ya mtu. Akaniomba niwe nikiangalia mimi, na majibu yakitoka nimwambie. Nikaipokea. Nikaitia mfuko wa shati, na tangu hapo aliyekuwa hali wala halali nikawa mimi.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kukueleza. Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi. Ulianza vidoleni, ukapanda. Unajua dobi anavyopima pasi: analowesha kidole, anagusa, anajua moto huu ni wa pamba au wa hariri. Mimi nikigusa sasa sijui lolote, naona ngozi imebabuka baadaye. Nilishaunguza nguo za watu, na mbaya zaidi ni suti ya bwana harusi. Binti yako aliona kabla sijasema. Alianza tu kupima pasi yeye, kuiweka moto unaofaa, na kunisogezea. Nguo laini anazitoa kwenye fungu langu na kuzipeleka kwake, kana kwamba ni bahati mbaya. Wateja wanasifu kazi yangu, dada, nami naitikia ahsante, na kazi yenyewe ni yake. Akiondoka, hii meza haina mtu.

Nafika sasa kwenye kilichonifanya niandike. Leo asubuhi, kabla hujapiga, ukurasa ulifunguka. Amechukuliwa. Udaktari wa mifugo, chuo hicho hicho cha mjini kwenu, kama mlivyokuwa mkipanga wewe na yeye. Wanataka athibitishe haraka, la sivyo nafasi apewe mwingine. Ulipopiga kuniuliza, nikakujibu bado. Nilikuwa nimeshajua. Mtoto naye akaniuliza akiwasha pasi, nikamwambia bado. Nimeshinda na jambo hilo mfukoni, nikijiambia kwamba nasubiri mama yake arudi tumwambie pamoja. Uongo mtupu. Nilikuwa nahesabu moyoni kwamba siku zikipita, nafasi itakwenda yenyewe, na hakuna atakayesema ni mimi. Naona haya kuliandika hili, lakini wewe ndiye uliyenilea, sina mwingine wa kumwambia.

Niliiacha barua hapo. Nimerudi, na mengi yametokea.

Nilipokuwa naandika maneno hayo ya juu, alizima pasi, akaja kukaa mbele yangu juu ya furushi la mashuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mteja wa mapazia amenipa hongera. Mwanawe ameona jina langu. Yametoka, sivyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikamweleza yote, hata hilo la kuziacha siku zipite. Nilitegemea alie au atoke nje. Aliniangalia tu mikono, akaniambia, "Sikukupa simu kwa sababu ya moyo kwenda mbio. Nilikupa ili uamue wewe. Mimi nilishindwa kuchagua kati yako na chuo, nikasema ukinyamaza, basi nitabaki, na sitakuuliza maisha yangu yote."

Dada, sijawahi kupigwa na neno kama hilo. Kumbe wakati mimi namficha, yeye alikuwa ameshakubali kubaki hapa, amenyamaza, ananisogezea pasi.

Nilitoa simu. Nikamwambia mambo ya mkono wangu yasimzuie masomo yake, na kwamba niliyemzaa ni mtoto, sikuzaa mkono wa pili. Nikathibitisha nafasi ile mbele yake. Hapo ndipo alipolia, nami nikalia, na mteja aliyekuja kuchukua mashati yake akasimama mlangoni hajui aingie au arudi.

Basi mpokee. Najua kitanda umeshakitandika siku nyingi. Ukimwona kimya wiki za mwanzo, usimchokonoe sana, na akikuuliza habari zangu usimpe majibu ya kumtuliza, mwambie ukweli, maana uongo wangu anaujua kwa harufu. Kuhusu mkono, wifi yako atanipeleka kwa madaktari wa hospitali anayofanyia kazi. Nimemwahidi binti yako nitakwenda. Nguo za hariri nitaanza kuzikataa, na wateja wakiuliza sababu nitawaambia.

Sasa hivi yuko nje anampigia mama yake. Namsikia akirudia neno moja moja, nadhani huko hospitalini kuna kelele. Mimi nimesimama mezani, shati la mtu liko mbele yangu, pasi imewaka, na hakuna aliyeipima. Nimeizima. Ngoja aingie.

Nisalimie shemeji, nisalimie na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Goti ulipumzishe, mgeni wako atahitaji kupelekwa chuoni.

Ni mimi, kitindamimba uliyemdekeza,
Dobi