Faulo ya Tano ya Nassor

Jumamosi, 5 Februari 2005

Dawa nne kabla ya chai. Miguu imevimba kama jana. Zuwena kanipimia maji ya siku nzima ndani ya chupa moja, kaiweka karibu na kitanda, kanambia nisijaribu kumdanganya. Binti yangu ana miaka arubaini na ananilinda kama mtoto mtundu.

Daktari hakutaja muda. Alisema moyo umechoka. Nimemwelewa.

Kwa hivyo naandika. Kuna jambo nimelificha miaka kumi na moja. Nilikuwa refa wa mpira wa kikapu wa vyuo hapa Maskati, kazi ya jioni baada ya kutoka wizarani. Katika fainali moja, mwaka tisini na nne, nilimpigia kijana mmoja filimbi, ikawa faulo yake ya tano, akatoka uwanjani. Haikuwa faulo. Sijamwambia mtu. Hata marehemu mke wangu, ambaye nilikuwa nikimsimulia mpaka ndoto zangu.

Kijana yule anaitwa Nassor. Leo nimelisikia jina lake ndani ya nyumba hii.

Zuwena alipeleka gari mtaa wa Ghala, kwenye gereji, kiyoyozi hakipozi. Mwenye gereji ni mtu mrefu, anainama kupita mlango wa ofisi yake mwenyewe. Kasoma jina kwenye karatasi za gari, kamuuliza, "Wewe wa kwa Mzee Salim, refa?" Aliposikia naumwa kasema Ijumaa atakuja kunitazama.

"Anakusifu mno," Zuwena kanambia. "Kasema hajapata kuona refa wa haki kama wewe."

Nilisema nna usingizi. Nikafumba macho. Sikulala.

Jumatatu, 7 Februari

Nimeota nakimbia. Nimeamka nahema kweli.

Niandike ilivyo, maana wasiocheza hawajui. Mchezaji akifikisha faulo tano anatoka, harudi tena mechi ile, na aliyefanyiwa faulo akirusha hupewa mitupo ya bure. Sheria hii inawauma zaidi vijana warefu wanaocheza chini ya kikapu. Nimewaona wengi. Miaka kumi na tisa, ishirini. Mwili umekua, miguu bado haijapata khabari. Wanachelewa nusu hatua, wanashusha mikono, wanamwangukia mtu. Kabla ya mapumziko wana faulo tatu, kocha anawakalisha benchi, taulo kichwani, wanatazama viatu vyao.

Hiyo ni kweli moja. Kweli ya pili sisi marefa hatukuisema. Mdogo akimkimbilia mkubwa aliyesimama wima, akaanguka, jicho la refa linamtafuta mkubwa. Mkono unakwenda mdomoni wenyewe. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo. Nami nimefanya.

Nassor alikuwa na ugonjwa ule ule mwaka wake wa kwanza. Halafu akajifunza. Akawa anaruka wima, mikono juu, anashuka pale pale aliporukia. Niliwahi kuwaambia marefa wenzangu wamtazame. Kwa hivyo siwezi kusema sikumjua.

Ijumaa, 11 Februari

Alikuja baada ya sala. Kiti cha mgeni kilikuwa kidogo, akakaa chini kwenye zulia, na bado kichwa chake kilikuwa sawa na changu kitandani. Kaleta mkate wa ufuta wa mama yake.

"Ami, umekonda."

"Na wewe umenenepa. Ungekuwa hivi siku zile usingenyanyuka ardhini."

Akacheka mpaka Zuwena akachungulia. Mtu mwema. Nilitaka awe mtu mbaya kidogo.

Ana mke, watoto wawili, gereji. Jioni anafundisha timu ya chuo kimoja, bila mshahara. Timuni anaye kijana wa miaka kumi na tisa, Haitham, mrefu kuliko yeye.

"Namfundisha asiruke," kasema.

"Asiruke vipi, naye ni wa chini ya kikapu?"

"Asimame, anyanyue mikono, basi. Ami, mimi niliruka, nikawakosesha wenzangu kombe. Namwambia hilo kila siku."

Alilisema kwa kucheka, kama mtu anayeonyesha kovu la zamani. Wenzake hawakumsemesha muhula mzima. Mwaka uliofuata hakujiandikisha timu. Kocha wa timu ya taifa ya vijana alikuwa ukumbini siku ile, alikuja kwa ajili yake, akaondoka bila kumuuliza jina. Haya yote nilikuwa siyajui. Au sikutaka kuyauliza.

Mkate ule sikuula. Zuwena kadhani ni dawa.

Jumapili, 13 Februari

Sasa sehemu ninayoionea haya zaidi kuliko filimbi yenyewe.

Kabla ya fainali kuanza niliwaita makapteni katikati ya uwanja. Nassor alikuwa kapteni. Yule wa pili akanipa mkono. Nassor akainama na urefu wake wote, akanibusu mkono, akasema, "Shikamoo, ami." Ukumbi mzima unatazama. Ulimi wangu ukajibu "Marahaba" kabla sijaujua.

Watu wao walitoka Tabora, sisi tulitoka Unguja, wote tukaja Omani na Kiswahili chetu. Mama yake alimlea hivyo. Mtoto yeyote wetu angemfanyia hivyo mtu mwenye mvi kama zangu, sokoni au msikitini. Hakujua kwamba uwanjani hakuna ami.

Kwenye benchi la wapinzani mtu mmoja aliyejua Kiswahili akamfasiria kocha wake. Kocha akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kutusikilizisha, "Basi twendeni nyumbani, refa ni ami yao." Waliokaa meza ya alama wakacheka. Wenzangu. Mmoja akaniuliza kama usiku nitakula kwa kina Nassor.

Miaka ishirini wizarani sikuwahi kusema Kiswahili kwenye ukumbi wa ofisi. Nyumbani ndiyo, na mlango umefungwa. Nilijitahidi nisiwe yule mtu wa kutoka Afrika ambaye wanamwona anawabeba wenzake. Na kijana huyu, kwa adabu yake, kanifichua mbele ya watu mia tatu.

Tangu mpira uliporushwa, kila mgusano wenye shaka niliupeleka kwa Nassor. Faulo ya pili ilikuwa nyepesi. Ya tatu nyepesi zaidi. Ya nne alikuwa amesimama tu. Hakubisha hata mara moja. Alinyanyua mkono kama sheria inavyotaka na kusema, "Samahani, ami." Kila "ami" ikanipandisha hasira.

Nilijiambia ndiyo haki hiyo.

Alhamisi, 17 Februari

Hospitali tangu asubuhi. Sindano ya kutoa maji. Nimerudi mwepesi na mnyonge.

Zuwena kaniuliza kwa nini nakuwa mkali kila akitajwa Nassor. Nimemwambia simkumbuki vizuri. Uongo mwingine. Bado naweza.

Kesho nitamwambia. Kama pumzi itanifikisha.

Ijumaa, 18 Februari

Nimemwambia. Yaani nimemwambia kitu.

Alikuja, akakaa pale pale kwenye zulia. Nilianza mara mbili nikakohoa. Mara ya tatu nikasema, "Nassor, ile faulo yako ya tano. Nadhani nilikosea. Kulikuwa na mtu mbele yangu. Sikuona vizuri."

Akapangusa uso kwa kiganja. Nikaona macho yake yamelowa, halafu akatabasamu.

"Basi, ami. Refa naye binadamu. Umebeba hilo miaka yote hii?"

Nikasema ndiyo. Nikaona raha. Raha ya kweli, kifua kikafunguka kuliko sindano ya jana.

Ilidumu mpaka alipokuwa anavaa viatu mlangoni.

"Nitamwambia Haitham kisa hiki," kasema. "Kama refa wa haki kama wewe alikosea kwa sababu ya mwili mkubwa, hawa wa sasa itakuwaje? Bora asiruke kabisa."

Akaenda zake. Nikabaki na chupa yangu ya maji.

Nilitaka kumtua mzigo, nimemwongezea. Zamani alijilaumu peke yake. Sasa ana ushahidi.

Jumatano, 23 Februari

Jana nilimwomba Zuwena anipeleke kumwona Haitham akicheza. Alikataa. Nikamwambia sitoomba kitu kingine. Akanitazama, akaenda kutafuta kiti cha magurudumu. Hiyo nayo si haki, kuomba kwa kutumia kifo. Lakini nimekwenda.

Mechi ya alasiri, ukumbi wa chuo, joto. Tulikaa karibu na mlango. Nassor hakutuona.

Haitham ni kijana wa ajabu. Mikono inafika kwenye kikapu bila shida, miguu myepesi kuliko ya Nassor enzi zile. Na alisimama. Vijana wadogo walimwendea, wakarusha mpira mbele ya pua yake, ukaingia. Yeye mikono juu, visigino vimegandamana na sakafu. Kila mpinzani akija, Haitham anatupa jicho benchi. Nassor yuko pale, viganja viwili vinakandamiza chini, chini, kama mtu anayezima moto.

Watazamaji walianza kumwita nguzo ya taa. "Washeni nguzo, kiza hiki!" Watu wakacheka. Mmoja akamuuliza kama anangojea basi. Hata Zuwena alitaka kucheka, akajizuia.

Kipindi cha pili mpinzani akapanda polepole kabisa, mpira umekaa wazi. Nikaona magoti ya Haitham yamekunjika. Mwili ulikuwa unataka. Akajizuia. Mpira ukaingia. Akatazama viatu vyake.

Hakuwa na faulo hata moja mechi nzima. Walifungwa vibaya.

Kwenye gari Zuwena kasema, "Masikini, nani kamtisha hivyo?"

Tulipita Azaiba, barabara imejaa, jua usoni. Mtu aliyemtisha alikuwa amekaa kando yake na blanketi magotini.

Alhamisi, 24 Februari

Sijalala. Pumzi fupi. Mito minne mgongoni sasa.

Nimetafuta njia ya kumwacha Nassor na nusu ile ya kweli niliyompa. Kasamehe. Kafurahi. Ananipenda. Nani atapata faida nikimnyang'anya? Mimi sina siku nyingi, na ningependa kuzikwa na mtu mrefu kama yule ameshika jeneza langu.

Hilo la mwisho nimelisoma tena. Ndiyo, hilo ndilo linalonizuia. Si kingine.

Jumamosi, 26 Februari

Nassor alikuja jana. Nilimwomba Zuwena afunge mlango atuache. Sikukohoa safari hii.

Nilimweleza yote kwa mpango. Maneno ya kocha yule, meza iliyocheka, wizarani, hasira. Nilimweleza zile faulo tatu za kabla, moja moja. Hakunikatiza. Alikuwa anazungusha pete yake kidoleni. Nilipofika mwisho nikasikia gari za watu zinatoka msikitini.

Akaniuliza swali moja tu.

"Kwa hivyo niliruka vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Akatikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Nikangojea anitukane. Ingekuwa haki yake. Akainuka, akasimama katikati ya chumba, taa ikawa karibu na uso wake. Akasema wenzake wawili wa timu ile wameshakufa, na walikufa wakijua ni yeye. Akasema hajui kama atarudi kunitazama. Nikamwambia sawa. Chai yake ilikuwa haijaguswa.

Leo asubuhi kampigia simu Zuwena, si mimi. Kamwambia aniambie kwamba jana jioni Haitham alifanya mazoezi ya kuruka mpaka wafagiaji wakazima taa za ukumbi. Hakuniletea salamu. Zuwena kanipa dawa, kafungua dirisha.

Hewa ni nzuri leo. Maandishi yanasomeka.

Naandika hapa maneno niliyomwambia, kama yalivyo, nisije nikayalainisha siku zilizobaki. Timu yake ilikuwa inaongoza kwa alama moja, zimebaki sekunde nane. Yule kijana mdogo alipanda kurusha, Nassor akaruka naye. Hapakuwa na mtu mbele yangu. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. Niliona mkono wake juu ya mpira, mpira peke yake, na nikapuliza.